Ganda la konokono linasema nini ndani ya shimo?

Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika Uvira, uliacha matope na mawe ndani ya viwanja vya watu. Leo mtu akichimba msingi wa nyumba pale, anaweza kukuta matope yenye chupa za plastiki, na chini yake mchanga usio na plastiki hata kidogo. Atajua mara moja ni lipi lilitangulia. Tena atajua kwamba matope yale si ya wakati wa babu wa babu yake, sababu plastiki haikuwapo.

Fosili, yaani mabaki ya viumbe yaliyofukiwa zamani, inafanya kazi ileile. William Smith, Mwingereza aliyepima migodi ya makaa ya mawe na mifereji miaka ya 1790, aliona kila tabaka liko na maganda yake, na mfuatano unarudi uleule mahali pengi. Mwaka 1815 akatoa ramani ya mawe ya Uingereza.

Lakini si kila ganda linasaidia. Kuna konokono mkubwa wa ziwa letu, Neothauma. Hapa Tanganyika ganda lake peke yake halitoi umri, sababu angali anaishi majini. Lakini upande wa Semliki na ziwa Albert aliisha zamani, amebaki ndani ya matabaka tu. Kule, tabaka lenye ganda lake ni la zamani, kabla hajapotea.

Sasa wachimbaji watauliza: mbona ndani ya mwamba wa kasiteriti hatuoni ganda? Hamtaliona. Graniti iliyoleta kasiteriti ya Kivu iko na miaka karibu miliari 1. Wanyama wenye maganda magumu walienea kama miaka milioni 540 iliyopita. Tena graniti ilipanda kutoka chini ikiwa imeyeyuka kwa moto. Pale angalieni kinachokata kingine: mshipa wa kwarzi unaopasua mwamba ulikuja nyuma ya mwamba huo.

Kwenye changarawe za mtoni ni habari nyingine. Mkikuta humo mfupa ama ganda, changarawe hizo ni changa sana kuliko graniti, na dhahabu yake ilisombwa na maji kutoka mwamba ulio juu ya mto. Ila muangalie kama mlima haukuporomoka pale, sababu maporomoko yanaweza kupindua tabaka la chini likawa juu. Na mfupa wenyewe msiuondoe haraka: kwanza pimeni kwa kamba uko mita ngapi chini, na uko ndani ya tabaka gani.