Maji Meupe ya Kisima

Mama wa Sirari mwenye kisima chini ya shamba la mahindi huchemsha maji ya kukorogea maziwa ya kopo ya mtoto mchanga. Vijidudu hufa. Naitreti ya mbolea na samadi haifi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi kukolea. Ikipita miligramu 50 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, damu ya mtoto huweza kushindwa kubeba oksijeni.

Nasema yapimwe, hasa baada ya mvua. Ila mpimaji asikinge maji ya kwanza, hayo yamelala bombani. Apige pampu kwanza, asuuze chupa kwa maji yaleyale, aijaze, aiweke kwenye barafu. Kutoka mpakani hadi maabara ni mwendo. Chupa ikipigwa jua njiani, majibu yatadanganya.