Wacha Isyo Ijipike

Wasee wa Kangundo Road tunajuana. Job ni Kanairo, keja ni Joska, Malaa, Tala ama huku juu Kangundo kwenyewe, na jam ya Njiru haijawai hurumia mtu. Mpaka mat ikuangushe ni usiku, tumbo inanguruma na watoi wako macho wanangoja dishi. Sa hapo nani ana nguvu ya kuwasha jiko achemshe madondo masaa matatu? Ndio maana msee anapitia kibandani, anabeba smokie na chapo, anaita hio sapa. Wiki nzima. Alafu Jumapili tunaenda kwa susu, yaani shosho, tunavamia isyo ka watu wametoka jela.

Si eti hatupendi chakula ya kwetu. Shida ni kuikalia. Isyo, muthokoi, nzuu, nthooko: hii menyu yote ya Ukambani inataka masaa, na masaa ndio kitu mbogi haina. Ukinishow kuna sufuria inajipikia kama mimi niko job, nakuvutia kiti.

Na iko. Kila familia huku ina anti wa majuu, na huyo anti anaijua vizuri. Asubuhi kabla ya shifti anatupa ndani nyama, viazi na karoti, anabonyeza, anahepa. Akirudi jioni, nyama inaachana na mfupa bila kuulizwa. Hio kitu ni chungu ya udongo wa kuchomwa imekaa ndani ya koti ya chuma yenye waya za moto, juu kuna kifuniko ya glasi. Inavuta stima kiasi, wati 200 hivi, na haina fujo ya kuchemka. Inapika mdogo mdogo masaa sita, nane, hata kumi.

Cheki venye ilianza. Kulikuwa na buda Marekani anaitwa Irving Naxon. Mathe yake alimpea story za kwao Lithuania: Ijumaa kabla jua izame na Sabato iingie, familia za Kiyahudi zilikuwa zinapeleka sufuria ya maharagwe, nyama na nafaka kwa oveni ya mwokaji wa mtaa, juu Sabato hauruhusiwi kuwasha moto. Oveni inapoa polepole usiku kucha, na dishi, wanaiita cholent, inaiva na ile joto imebaki. Naxon akaunda yake ya stima, akapewa hataza 1940, akaiuza na jina Naxon Beanery. Yaani hii mashine ilizaliwa ikiwa ya madondo. 1970 kampuni ya Rival ya Kansas City ikanunua biashara yake, na 1971 ikaitoa upya ikiitwa Crock-Pot. Hapo ndio iliwaka. Wamama wa Marekani walikuwa wanaingia maofisini kwa wingi na hakuna mtu alikuwa amebaki nyumbani kuchunga sufuria.

Ukiskia hio story na umelelewa Kangundo, unacheka tu. Maharagwe na nafaka, moto unapoa usiku kucha, mwenye sufuria amelala? Hio si ni jikoni ya susu! Jioni baada ya ugali anaingiza kuni za kahawa kwa mafiga, zile matawi zimekatwa shambani wakati wa kupogoa. Vijiti vya nzuu ni vya kuwashia peke yake, vinashika haraka na vinaisha haraka. Kahawa ndio inakaa. Anapandisha isyo, inachemka kwa nguvu, alafu anaufunika moto na jivu na kuingia kulala. Alfajiri mahindi imepasuka na supu imekuwa nzito. Hakuna mtu wa Kansas City alikuja kununua hio idea.

Kwa wasee wa Kondele na Kisauni ambao hii lugha inawapita: isyo ni githeri ya Wakamba, mahindi na maharagwe ama nzuu, yaani mbaazi. Nthooko ni kunde. Muthokoi ni levo ingine. Unachukua mahindi kavu, unaiweka kwa kinu, unanyunyiza maji kidogo, ya kulowesha ngozi tu. Alafu mchi. Hausagi, unachubua, na kuna ufundi hapo: ukipiga kwa hasira punje zinavunjika na umepata uji. Mwenye anajua anauachilia mchi uanguke na uzito wake, na sauti inabadilika. Mwanzoni ni kavu, ko, ko. Ganda likianza kutoka inakuwa nzito na ya unyevu, na makapi yanaanza kupanda kando ya kinu. Baadaye inaanikwa, inapepetwa kwa uteo, kuku wanajilipa na yenye imeanguka. Inabaki punje nyeupe, laini, haina koti. Na juu koti imetoka, maji inaingia chap chap, ndio maana muthokoi inaiva kabla ya isyo. Siku hizi mashine zinakoboa, na soko ya Tala unaipata tayari imejazwa kwa gorogoro. Kwa hivyo ile sababu ya “mimi siwezi twanga” ilikufa kitambo.

Sa hapa ndio msee wa Crock-Pot anaeza jiletea noma. Maharagwe mbichi yana sumu yake ya asili, protini fulani ya jamii ya lektini, na zile kubwa nyekundu ndio zimebeba nyingi. Huku kwetu fikiria Canadian Wonder. Ukidishi kama hazijaiva poa, masaa machache tu na uko chooni unatapika na kuhara. Dawa yake ni moto mkali. Sufuria ya polepole ikiwa kwa moto wa chini inaeza kosa kufika hapo, na maharagwe yakikwama kwa digrii 80 hivi yanaeza kuwa mabaya kuliko mbichi. Kwa hivyo hakuna kumwaga madondo kavu ndani, kubonyeza na kukimbilia mat. Loweka masaa tano ama zaidi, mwaga hio maji, weka ingine, chemsha ikiruka kwa dakika 30. Baada ya hapo ndio mambo ya polepole. Susu hakusoma hii mahali, lakini kila mara anaanza na moto wa kuruka kabla ya jivu.

Dakika 30 si kuharibu gesi. Sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka baharini, na huku maji inachemka karibu digrii 95, haifiki 100 ya Mombasa. Ndio maana cuzo wa Kisauni anakuambia madondo yake yaliiva haraka na unaona ni ka anakupima akili. Hakupimi. Hewa ya huku ndio nyepesi.

Alafu kuna maji yenyewe. Boholi nyingi za upande wa Joska na Kamulu zinatoa maji ya chumvi, nzito, haitoi povu ya sabuni, na madini ya hio maji yanashika ngozi ya maharagwe yanakataa kulainika. Ukiwa na tangi ya mvua, hio ndio ya kupikia. Ya boholi oshea viatu. Wasee wengine wanarusha magadi ndio ilainike. Inafanya, sikatai, lakini inakula vitamini B1 na inaacha ile ladha ya sabuni kooni. Mi naona magadi ni ya mtu ana haraka, na hapa tumekubaliana hatuna. Nyanya nayo ingoje mwisho. Asidi yake inafanya maharagwe yabaki ngumu, na msee anaeza laumu sufuria bure.

Twende kwa ganji. Wati 200 kwa masaa nane ni uniti 1.6. Tuseme uniti ni mbao na ashu, hapo umetumia karibu finje kwa sufuria moja ya familia. Si mbaya. Lakini ile sufuria ya presha ya stima, hata ikivuta wati 1,000 lisaa lizima bila kupumzika, ni uniti moja, na kawaida inapumzika. Kwa hivyo ka ni stima unahesabu, presha inashinda na madondo inaiva ukioga. Crock-Pot inauza kitu ingine: kuhepa. Na kuhepa na kifaa cha stima huku kwetu ni kamari. Ikipotea saa nne asubuhi ukiwa Industrial Area, nani atajua? Nyama inakaa vuguvugu mpaka jioni, bakteria wanafanya sherehe, unarudi unaikuta inanukia poa na ni sumu.

Makaa nayo imetuchezesha. 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa miti kwa misitu ya umma, Kitui ikazuia malori ya makaa, bei ikaruka. Gesi ikawekewa VAT ya 16% 2021, ikashushwa 8% mwaka uliofuata, ikaondolewa 2023. Mtu wa kupika kila siku hapangi maisha na bei za kuruka hivyo.

Ndio maana kura yangu ni ya kikapu ya kufungia joto.

Hii kitu mathe wengi wa vikundi wanaijua, maofisa wa kilimo wameifundisha miaka mingi. Haina waya, haina makaa. Wazungu walikuwa na yao, sanduku ya nyasi kavu, wakaitumia sana wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia kuokoa makaa. Afrika Kusini 2008, stima ikipotea kila saa, mama mmoja anaitwa Sarah Collins akaanza kushona ya kitambaa, akaiita Wonderbag. Kazi ni ileile: chakula ikishachemka haihitaji moto zaidi, inahitaji joto isitoroke.

Na kikapu Ukambani si kitu ya kuagiza majuu. Tafuta kyondo kubwa ya mkonge ama kikapu ya soko yenye inameza sufuria na inabakisha nafasi ya mkono mzima kila upande. Chini panga blanketi mzee, kando jaza sponji ya godoro, sweta zimepasuka, na zile tisheti za kampeni za wasee walioanguka kura. Mwishowe zinasaidia mwananchi. Sufuria zetu hazina mikono na wakati mwingine hazina vifuniko, kwa hivyo funika na sinia inakaa ndii. Juu weka mto. Mto mnene, si ile ya kochi.

Sa ratiba, na hapa ndio tunawapiga chenga watu wa Crock-Pot. Wao wanapika mchana, juu jioni ndio wanadishi. Mtu wa Kangundo Road akifanya hivyo na kikapu, masaa kumi na nne yataisha chakula imepoa. Geuza. Asubuhi ukitoka, loweka muthokoi na nzuu, hio haitaki mtu. Usiku ukirudi, mwaga maji, weka mpya, chemsha kwa gesi ikiruka dakika 40 ukifanya mambo zako. Sufuria iwe imejaa vizuri, juu nusu sufuria inapoa haraka. Ikiwa bado inatokota, zima, ingiza kwa kikapu bila kuchungulia, lala. Alfajiri inafaa iwe moto ya kuchoma ulimi. Ikiwa vuguvugu, usijaribu bahati, chemsha tena kabisa. Ikiwa bado ngumu, dakika kumi kwa moto na uirudishe.

Kuchungulia ndio ugonjwa ya vijana. Nishaona susu akimchapa mtu mkono na mwiko.

“Susu, nacheki tu ka imeiva.”

“Mwanakwa, ukifungua unaipea baridi. Kaa chini.”

Alfajiri hio kaanga kitunguu mpaka ibrauni, ongeza nyanya, hoho, viazi kadhaa ukitaka iwe nzito, mwaga muthokoi ndani, dania juu. Ingine inaingia kwa kopo ya lanchi, ingine inabaki ya watoi wakitoka shule. Hesabu yenyewe iko wazi: gesi ni ile dakika 40 na kukaanga, na lanchi ya tao umeihepa.

Kuna maboyz wataniambia mwanaume wa Kikamba haingiangi jikoni. Huyo boy anaishi bedsitter Joska, hio jikoni iko futi tatu kutoka kwa kitanda yake. Ashaingia, hajui tu.

Na ka una Crock-Pot ya anti kabatini, usiitupe. Wikendi ukiwa nyumbani, mbuzi ya mifupa, kongoro, nyama ngumu ya kuku wa kienyeji ametembea Kangundo yote, hapo iko kwa kazi yake. Stima ikipotea unaona, unahamisha dishi kwa jiko. Kikapu ni ya siku za wiki. Kitu kimoja tu ukumbuke kabla ulale: ule mto umeweka juu ya sufuria, asubuhi utanuka nzuu, kwa hivyo usichukue wa kitanda.