Kabla Hujaandika "Okapi ya Mjerumani", Soma Mhuri

Wauzaji wenzangu, hili limenikuta mwenyewe. Nilinunua Mwanjelwa hapa Mbeya kisu cha kukunja cha zamani, mpini wa mbao wenye nakshi za mwezi na nyota, pete kwa nyuma. Nikapost: "Okapi original ya Mjerumani, enzi za Mkwawa." Elfu arobaini. Mteja wa Iringa akalipa, nikamtumia kwa basi. Kesho yake ananitumia picha: amefuta kutu kwa mafuta, chini yake pameandikwa South Africa. Halafu akaniuliza, "Dogo, Mkwawa alikufa mwaka gani?" Nikarudisha hela yote, na ya basi juu.

Mkwawa alikufa 1898. Visu vya Okapi vilianza kutengenezwa Ujerumani 1902, vya kuuzwa kwenye makoloni yake Afrika. Hata okapi mwenyewe, yule mnyama wa Kongo, wanasayansi wa Ulaya wamempa jina 1901. Yaani nilimdanganya mtu wa Iringa kuhusu Mkwawa, jamani!

Tunachanganya "kimetengenezwa Ujerumani" na "enzi za Mjerumani". Utawala wa Mjerumani hapa uliisha na Vita Kuu ya Kwanza, ila Okapi ziliendelea kutoka kwao mpaka 1988, uzalishaji ulipohamia Afrika Kusini. Kwa hiyo cha Ujerumani kinaweza kuwa cha babu, kinaweza kuwa cha 1985.

Mwezi na nyota visikudanganye, za Afrika Kusini nazo zinavyo. Tafuta mhuri kwenye bapa, karibu na mpini. Ukikuta West Germany, hicho ni cha kati ya 1949 na 1990. Solingen ni mji wa visu wa Ujerumani, jina lake linalindwa na sheria ya huko tangu 1938, ingawa mwenye kughushi hajali. Na South Africa siyo feki! Ndiyo Okapi halali ya sasa, iandike hivyo hivyo.

Msasa usiguse, utaondoka na mhuri. Tumia mafuta ya cherehani, kitambaa na mswaki mkuukuu, kisha piga picha mwanga ukitokea ubavuni, herufi zitaonekana.

Kisu changu kiliporudi nikapost upya: "Okapi, Afrika Kusini, baada ya 1988, kutu kidogo", na picha ya mhuri. Elfu kumi na tano. Kimeondoka siku hiyo hiyo, kachukua dereva wa malori ya Tunduma.