Mama Peke Yake Baharini: Safari Ndefu ya Nyangumi wa Nundu na Ndama Wake

Kila mwaka, kati ya mwezi Julai na Novemba, wavuvi wa mwambao wa Afrika Mashariki huona pumzi ya nyangumi ikifuka juu ya maji kama moshi. Wengi wa hao ni nyangumi wa nundu, ambao kwa jina la kitaalamu huitwa Megaptera novaeangliae. Mtu aweza kudhani kuwa wanyama hao wamefuata chakula. Ukweli ni kinyume chake: wameacha chakula nyuma yao, kwenye bahari baridi ya kusini, wakaja hadi bahari ya joto ili kujamiiana na kuzaa. Jike aliyezaa huku hukabiliwa na kazi inayostahili kuchunguzwa kwa makini na mwanafunzi wa sayansi. Hana budi kumlea mwana mchanga peke yake, karibu bila kula, na kisha kumwongoza katika safari ya maelfu ya kilomita.

UREFU WA SAFARI

Nyangumi hawa hula hasa katika miezi ya kiangazi cha kusini, yaani kuanzia Desemba hadi Machi, kandokando ya bara la Antaktika. Chakula chao kikuu huko ni krili, viumbe wadogo wafananao na uduvi. Wafikapo majira ya baridi huelekea kaskazini. Baadhi yao huishia Msumbiji, wengine Bukini au Komoro, na wengine hufika pwani ya Tanzania na Kenya.

Mwalimu aweza kuligeuza jambo hili kuwa hesabu ya darasani. Kisiwa cha Unguja kipo yapata latitudo 6 kusini. Tuchukue kuwa malisho yapo latitudo 60 kusini. Tofauti ni nyuzi 54, na kila uzi mmoja wa latitudo ni kilomita 111 hivi. Kwa hiyo umbali ni karibu kilomita 6,000 kwa mstari mnyoofu. Ikiwa mama na ndama wataogelea kilomita 4 kwa saa, usiku na mchana, watahitaji zaidi ya siku 62. Lakini ndama huchoka, hunyonya na hupumzika. Kwa hiyo safari yenyewe huchukua muda mrefu zaidi ya huo.

BABA YUKO WAPI?

Mimba ya nyangumi wa nundu huchukua miezi 11 hadi 12. Ndama anapozaliwa, dume aliyemzaa amekwisha kwenda zake tangu msimu uliopita, wala hana sehemu yoyote katika malezi. Mara nyingi dume fulani huonekana akimfuata mama na ndama wake, na mtazamaji aweza kumdhania kuwa baba mlinzi. Uchunguzi unaonyesha vingine: kwa kawaida dume huyo anangojea nafasi ya kujamiiana na mama. Kwa hiyo chakula, ulinzi na uongozi wa njia vyote humtegemea mzazi mmoja.

GHALA LA MAFUTA

Ndama huzaliwa akiwa na urefu wa mita 4 na ushei, na uzito unaokaribia tani moja. Hunyonya maziwa mazito sana, ambayo mafuta yake yaweza kufikia asilimia 35 hadi 50. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta ya asilimia 4 hivi. Mwaka 2017 wanasayansi waliofanya kazi katika Ghuba ya Exmouth, magharibi mwa Australia, walichapisha matokeo ya vifaa vidogo vya kurekodia walivyovibandika kwenye miili ya ndama. Waligundua kuwa ndama hao walitumia karibu moja ya tano ya wakati wao wakinyonya.

Maziwa hayo yote hutoka katika akiba ya mafuta iliyo chini ya ngozi ya mama, ambayo aliikusanya huko Antaktika. Akiba hiyo humpa hata maji, maana mafuta yanapounguzwa mwilini, haidrojeni yake huungana na oksijeni. Gramu 1 ya mafuta hutoa zaidi kidogo ya gramu 1 ya maji. Hivyo mama huyu hufanana na ghala ambalo hutolewa kila siku bila kuongezwa kitu, mpaka safari iishe na malisho yapatikane tena.

KWA NINI KUFUNGA SAFARI?

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini mama asizalie kule kwenye chakula? Wataalamu wamependekeza sababu kadhaa. Ya kwanza ni joto. Maji hupitisha joto mara 25 hivi zaidi ya hewa. Tena, umbo likiwa lile lile, mnyama mdogo ana eneo kubwa la ngozi kwa kila kiasi cha mwili wake. Mama wa mita 14 ana urefu mara tatu na nusu ya ndama wa mita 4. Kwa hiyo ndama ana eneo la ngozi mara tatu na nusu zaidi kwa kila mita ya ujazo, na tabaka lake la mafuta bado ni jembamba. Sababu ya pili ilielezwa mwaka 1999 na Corkeron na Connor, nayo ni kuwaepuka nyangumi wauaji, ambao hushambulia ndama na ambao ni wengi zaidi katika bahari baridi. Mwaka 2020 ikatolewa hoja nyingine, kwamba nyangumi huenda kwenye maji ya joto ili kubadili ngozi. Mjadala huo haujafungwa, na yawezekana sababu zaidi ya moja zinafanya kazi pamoja.

Mfano wa Omani husaidia kulielewa jambo hili. Katika Bahari ya Arabu wapo nyangumi wa nundu wasiosafiri kwenda kusini kamwe. Pepo za kusi zivumapo katika pwani ya Omani husukuma maji ya juu kuelekea mbali, na maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini kuchukua nafasi yake. Hapo chakula hustawi karibu na maji ya joto, na mama hana haja ya kusafiri. Hata hivyo nyangumi hao ni wachache mno. Wanakadiriwa kuwa chini ya 100 katika pwani hiyo.

MBINU ZA MSAFIRI

Mama mwenye ndama mchanga huwa miongoni mwa wa mwisho kuondoka katika bahari ya joto. Kila wiki ya kukaa humpa ndama nguvu zaidi, lakini hulipunguza ghala. Wanapoondoka, ndama huogelea ubavuni mwa mama, mahali ambapo mkondo wa maji unaotokana na mwili wa mama humvuta na kumpunguzia kazi.

Uchunguzi wa mwaka 2017 ulionyesha pia kuwa mama na ndama huwasiliana kwa sauti hafifu sana, ambazo hazisikiki mbali zaidi ya mita 100 hivi. Madume huimba kwa sauti za kufika kilomita nyingi, ilhali mama na mwana hunong'ona. Yadhaniwa kuwa hufanya hivyo ili wasisikiwe na nyangumi wauaji, wala na madume wasumbufu.

Kadhalika safari hii ni shule. Uchunguzi wa chembe za urithi unaonyesha kuwa nyangumi wa nundu huelekea kurudi katika malisho yale yale waliyopelekwa na mama zao. Ndama hukaa na mama yapata mwaka mmoja. Kisha huendelea peke yake, akiwa amekwisha kuijua njia.

MADENI YA BINADAMU

Uwindaji ulikaribia kuwamaliza nyangumi hawa. Katika nusu ya kusini ya dunia walipewa ulinzi mwaka 1963, lakini ulinzi huo ulivunjwa kwa siri. Kumbukumbu zilizofichuliwa baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991 zaonyesha kuwa baada ya Vita Kuu ya Pili meli zake ziliua nyangumi wa nundu zaidi ya 48,000 katika bahari za kusini, ilhali ziliripoti chini ya 3,000. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Shelisheli, Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi, na mwaka 1982 ukatolewa uamuzi wa kusimamisha uwindaji wa kibiashara. Tangu hapo idadi imepanda sana katika sehemu nyingi.

Hatari iliyobaki ni ya kimya zaidi. Jarife laweza kumnasa ndama akazama kwa kukosa hewa, maana nyangumi hupumua kwa mapafu kama sisi. Boti nazo huleta kelele. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika Ghuba ile ile ya Exmouth, ambapo watafiti walipiga sauti ya injini chini ya maji, mita 100 kutoka kwa akina mama waliopumzika na ndama wao. Sauti ilipokuwa ndogo, mama hakushughulika. Ilipokuwa kubwa kabisa, muda wake wa kupumzika ulipungua kwa asilimia 30, mwendo wake uliongezeka kwa asilimia 37, na pumzi zake ziliongezeka maradufu. Mafuta yaliyotumika kukimbia hayawezi tena kuwa maziwa, wala hakuna mzazi wa pili wa kuyafidia.

Kwa sababu hiyo nahodha amwonaye mama na ndama yafaa apunguze mwendo, akae mbali, wala asipite katikati yao. Shule zilizo pwani nazo zaweza kufanya kazi yenye manufaa bila gharama kubwa: kukaa ufukoni au kwenye mwinuko katika miezi ya Julai hadi Novemba, na kuandika tarehe, saa, idadi ya nyangumi walioonekana, kama walikuwa na ndama, na upande walioelekea. Daftari la namna hiyo, likitunzwa kwa miaka kadhaa mfululizo, laweza kuonyesha ni lini akina mama huwasili katika maji yetu, na ni lini wa mwisho wao hufunga safari ya kurudi.