Mwalimu wa Nyimbo wa Peki

Kila tusimamapo kuuimba wimbo wetu wa taifa, twauimba kwa tuni iliyotungwa na mwalimu wa shule. Enoch Sontonga aliitunga mwaka 1897 karibu na mji wa Johannesburg, naye akafariki mwaka 1905 angali kijana. Mwalimu tupendaye kumkumbuka leo alikuwa mtu wa namna hiyo hiyo, ila yeye alijaliwa umri mrefu. Ephraim Amu alizaliwa tarehe 13 Septemba 1899 katika nchi ya Peki, mashariki ya ile iliyoitwa Gold Coast na ambayo tangu mwaka 1957 yaitwa Ghana. Alifariki tarehe 2 Januari 1995, mwenye umri wa miaka 95.

Angali mwanafunzi, kinanda cha kanisani kilimvuta moyo, naye akakubali kwenda kulima shamba la mwalimu wake ili afundishwe kukipiga. Alipokwisha hitimu chuo cha Abetifi, alirudi mwaka 1920 kufundisha kwao Peki. Yasimuliwa ya kwamba alinunua kinanda cha kukunja, na kwa kuwa gari halikupatikana, akakichukua kichwani mwake, akaenda kwa miguu usiku kucha. Mwaka 1926 aliitwa kwenda Akropong kuwa mwalimu wa chuo.

Huko wanafunzi wake waliona mambo yaliyowashangaza. Siku zile kijana aliyesoma aliona haya kushika jembe, sembuse ndoo ya mbolea! Bwana Amu alijitwika mbolea mwenyewe na kuipeleka katika bustani ya shule. Hakuwa na desturi ya kuagiza kazi ambayo yeye mwenyewe hakuwa tayari kuianza.

Lakini jambo kubwa alilolifanya lilikuwa katika nyimbo. Nyimbo za ibada zilikuwa zimefasiriwa kutoka lugha za Ulaya, maneno yakiwa ya Kitwi au Kiewe na tuni zikibaki zile zile za Wazungu. Msomaji aweza kuuliza, kuna ubaya gani? Katika lugha hizo, sauti ikipanda au kushuka, maana hugeuka. Katika Kitwi neno moja tu, papa, laweza kuwa “jema”, au “baba”, au “upepeo”, kwa kadiri ya sauti ilivyotamkwa. Sisi Waswahili hatuna jambo hilo hasa, walakini tunao ndugu yake: mtu akitia mkazo mahali pasipo pake, barabara ya kupita magari hugeuka kuwa barabara ya sawasawa. Basi tuni ya kigeni ilipopanda mahali ambapo neno lashuka, waumini waliimba maneno yasiyokuwa na maana, au yenye maana nyingine kabisa, nao wakazoea.

Bwana Amu hakuzoea. Aliwaendea waimbaji na wapiga ngoma wa vijijini, watu ambao wasomi wenzake waliwadharau, akakaa nao kujifunza jinsi wimbo unavyoyafuata maneno na jinsi mapigo mawili yanavyoweza kwenda pamoja bila kugombana. Kisha akatunga nyimbo za kwaya zenye sauti nyingi, kama alivyofunzwa, lakini zinazopanda na kushuka kama watu wasemavyo. Ishirini na tano kati ya nyimbo zake za Kitwi zilichapwa London mwaka 1932.

Hakuishia katika nyimbo. Mwaka 1931 alipanda mimbari ya kanisa akiwa amejitanda nguo ya kwao badala ya koti na tai. Wakubwa wa kanisa walichukizwa. Kwao mtu aliyeelimika hakupaswa kusimama mbele za watu namna ile. Kadhalika hawakupenda ngoma zake. Angaliweza kuvaa koti Jumapili moja tu kwa wiki, na mambo yangalikwisha. Hakukubali, na mwaka 1933 akaachishwa kazi katika chuo alichokipenda. Kwetu sisi ajabu si kuachishwa kwake, maana hayo yaliwapata wengi. Ajabu ni kwamba hakuiacha dini yake wala hakuyaacha mavazi yake, bali aliendelea kutunga nyimbo za ibada mpaka uzeeni.

Chuo cha Achimota kilimpokea. Mwaka 1937 alikwenda London, akasoma katika chuo cha kifalme cha muziki, akarudi nyumbani mwaka 1941. Wengi waliorudi kutoka Ulaya siku hizo walirudi na mambo ya Ulaya. Yeye aliongeza bidii katika atenteben, filimbi ya mwanzi, akaifundisha mashuleni hata ikajulikana nchi nzima. Baadaye alifundisha Kumasi, na tangu mwaka 1962 katika Chuo Kikuu cha Ghana huko Legon. Chuo hicho kilimtunukia shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1965, naye akastaafu mwaka 1971. Kwa hesabu hiyo, tangu siku ya kinanda kichwani ni zaidi ya miaka 50.

Mwaka 2002 sura yake iliwekwa katika noti ya sedi 20,000. Noti hiyo haitumiki tena, kwani fedha ya Ghana ilibadilishwa mwaka 2007. Kinachotumika ni wimbo alioutunga mwaka 1929, kwanza kwa Kiewe na kisha kwa Kitwi, Yen Ara Asaase Ni, maana yake “Hii ni nchi yetu wenyewe”. Wimbo wa taifa wa serikali ulitungwa na mwalimu mwingine wa muziki, Philip Gbeho. Lakini penye mkutano mkubwa Waghana huuimba na huu wa Amu, na watoto hufundishwa shuleni wangali wadogo.