Sasa hivi ni saa ngapi? Siku ya kawaida ya mtu mwenye usonji

Mama anatoka kwenda dukani. Anamwambia mwanawe wa miaka tisa, "Nakuja sasa hivi." Kwa Waswahili wengi maneno hayo ni namna tu ya kuaga. Yanaweza kuwa dakika tano, yanaweza kuwa saa nzima, na hakuna anayehesabu. Mtoto mwenye usonji huenda akayapokea kama yalivyotamkwa. Dakika kumi zikipita, mama hajaonekana, kwake ahadi imevunjika na hakuna anayemweleza itatimia lini. Mama anarudi na kumkuta akilia na kujipiga kichwani, huku jirani akisema mtoto huyu amedekezwa.

Kiswahili kimejaa mitego ya aina hii. Tunapiga mswaki, tunapiga pasi, tunapiga magoti, na katika yote hayo hakuna anayepigwa. Salamu nazo ni mtihani. Anayeulizwa "Habari za asubuhi?" hutarajiwa kujibu "Nzuri" hata kama amekesha na homa. Mwenye usonji anaweza kujibu ukweli, kwamba tumbo linamuuma na chai haikuwa na sukari, kisha akashangaa kwa nini watu wamecheka. Wengi hujifunza salamu kama mtu anavyojifunza hesabu, kanuni moja baada ya nyingine, na jioni huwa wamechoka kuliko waliobeba mizigo.

Usonji hauambukizi. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, huanza kabla ya kuzaliwa, na jeni zina mchango mkubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Wapo wasiotamka neno maisha yao yote, na wapo wanaofundisha vyuo vikuu. Wanachokutana nacho wote, kwa viwango tofauti, ni ugumu katika mawasiliano na mahusiano, pamoja na haja ya mambo kwenda kwa mpangilio uleule. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliongeza rasmi jambo ambalo wenye usonji walikuwa wakilisema kwa miaka mingi: hisia zao kwa sauti, mwanga, harufu na mguso huwa kali mno au hafifu mno.

Hapo ndipo siku inapokuwa ngumu. Mtu mwingine akipanda daladala, baada ya dakika chache ubongo wake unaacha kuhangaika na mngurumo wa injini, honi, konda anayegonga bati na redio iliyofunguliwa hadi mwisho. Sauti zinazojirudia hufifia zenyewe. Tafiti za ubongo zimeonyesha kwamba kwa watu wengi wenye usonji kuzoea huko huja polepole, au hakuji kabisa. Kelele ya kituo cha kumi ni mpya kama ya kituo cha kwanza. Juu yake kuna jasho la abiria na marashi ya jirani, na lebo ya shati inayokwaruza shingo. Nyumbani mlenda unateleza mdomoni kwa namna isiyovumilika, na kwa kinyozi ile mashine inatetemesha fuvu zima.

Mzigo ukizidi, mtoto hulipuka: hupiga kelele, hujitupa chini, hukimbia. Abiria huona utovu wa adabu. Lakini mtoto anayedeka hunyamaza akipewa alichokuwa akililia. Huyu hanyamazishwi na pipi wala kofi, maana hakuna alichokuwa akiomba zaidi ya kelele kukoma.

Temple Grandin, mwanamke mwenye usonji aliyezaliwa Boston mwaka 1947 na kuchelewa kusema hadi alipokaribia miaka minne, ameeleza jinsi kengele ya shule ilivyomuumiza masikio. Alitamani kukumbatiwa, ila mwili wake ulishindwa kustahimili mguso wa mtu. Akiwa kijana, kwenye shamba la shangazi yake huko Arizona, aliona ng'ombe wakitulia walipobanwa kabla ya kuchanjwa. Akajitengenezea kifaa cha kujibana mwenyewe, chenye mkono alioweza kuuvuta na kuulegeza kwa kiasi alichotaka. Baadaye akawa profesa wa sayansi ya wanyama. Kwenye kifaa kile, yeye ndiye aliyeamua kubanwa kuanze na kuishe lini.

Vitabu vya ng'ambo husema dalili mojawapo ni mtoto kukwepa kutazama macho. Katika nyumba nyingi za Waswahili, mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa husifiwa kwa heshima yake, kwa hiyo dalili hiyo inaweza kupita bila kuonekana. Kwetu ni bora kutazama kama mtoto huitika jina lake, na kama humwonyesha mama kwa kidole kitu kilichomfurahisha.

Na akina mama wamelaumiwa sana kwa usonji wa watoto wao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka pwani ya Kenya uliwakuta watu wakitaja mapepo, uchawi na laana kuwa chanzo. Wasomi wa Magharibi hawakuwa na huruma zaidi: mwaka 1967 Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima akidai chanzo ni ubaridi wa wazazi. Utafiti wa jozi 21 za mapacha uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1977 ulielekeza kwenye jeni. Madai kwamba chanjo husababisha usonji, yaliyoanzia kwenye makala ya mwaka 1998 kuhusu watoto 12, yalifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010.

Hatari nyingine hazionekani hadi zitokee. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 uligundua kwamba karibu nusu ya watoto wenye usonji wamewahi kutoroka au kujaribu kutoroka baada ya kutimiza miaka minne, na maji huwavuta wengi wao. Kwa familia inayoishi karibu na bahari au kisima kisichofunikwa, habari hii ni sababu ya kufunga mlango kwa komeo la juu. Maumivu nayo hupotea njiani. Jino bovu la mtoto asiyesema laweza kujitokeza kama kujigonga ukutani wiki nzima, na watu wakaandika "tabia imebadilika" pasipo mtu kumfungua kinywa.

Mtoto huyo hukua. Uingereza, takwimu za serikali za mwaka 2020 zilionyesha kwamba ni watu 22 tu kati ya kila 100 wenye usonji wa umri wa kufanya kazi waliokuwa na ajira. Wengine huangushwa na usaili, ule mtihani wa kutazamana machoni na kujisifu kwa maneno ya mzunguko, kabla kazi yenyewe haijajaribiwa.

Kinachosaidia nyumbani kinaweza kuwa cha gharama ndogo sana. Wazazi wengi hubandika ukutani picha za siku nzima kwa mfuatano: kuoga, chai, shule, chakula, kulala. Mama anayekwenda dukani naye anaweza kuchora saa, akatia alama nyekundu mahali mshale utakapofika atakaporudi. Foleni ikiwa ndefu, apige simu nyumbani kabla mshale haujaifikia alama, mtoto asogezewe alama mbele huku akiona.