REDIO ZA RIDHAA KUUNGANISHWA KWA INTANETI: ZITAFAA NINI ZIWA MWERU?



Katika usiku wa giza, nje ya msimu wa kufunga uvuvi unaoanza 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, mtu aliyesimama Nchelenge au Kashikishi huona taa za wavuvi wa chisense zimetanda ziwani. Kila taa ni chombo kimoja, na katika kila chombo wamo watu wenye familia nchi kavu. Upepo ukibadilika ghafla, ni nani atakayewasikia?

Katika mazungumzo juu ya usalama wa watu hawa hutajwa jambo moja: kuunganisha vituo vya redio za ridhaa kwa njia ya intaneti. Wako wanaodhani ni dawa ya kila tatizo, na wako wanaodhani ni mchezo wa wenye nafasi tu. Tunaona ni vema wanachama waelewe jambo lenyewe lilivyo, ndipo waamue.

REDIO YA RIDHAA NI NINI?

Redio ya ridhaa ni huduma ya mawasiliano inayoendeshwa na watu waliojifunza ufundi wa redio na kupata leseni, bila kulipwa na bila kufanya biashara. Kila mmoja hupewa alama yake ya wito, na alama hiyo huonyesha nchi yake. Kabla ya uhuru, alama za Rhodesia ya Kaskazini zilianza na VQ2. Baada ya 1964 Zambia ikapata 9J. Tanzania ni 5H, Kenya ni 5Z, Uganda ni 5X, na ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni 9Q. Kwa Zambia, leseni hutolewa na ZICTA, mamlaka ya serikali ya mawasiliano.

KIKWAZO CHA MASAFA

Redio ndogo za mkononi hutumia mawimbi mafupi sana yanayokwenda kwa mstari ulionyooka. Dunia ni mviringo, kwa hiyo mawimbi hayo hupita juu ya upeo wa macho na kupotea. Tufanye hesabu. Ukiweka antena juu ya mnara wa mita 30 kando ya ziwa, na mtu awe na redio iliyo mita 2 juu ya maji, watasikilizana kwa kilomita 28 hivi. Lakini Ziwa Mweru lina urefu wa kilomita zipatazo 130, na upana wake hufika kilomita 50. Mnara mmoja wa Nchelenge hauwezi kumsikia mtu aliye Chiengi, wala aliye Pweto, mahali Mto Luvua unapotoka ziwani.

Hapo ndipo intaneti inapoingia.

JINSI SAUTI INAVYOSAFIRI

Tuseme kuna kituo Chiengi na kingine Nchelenge. Katika kila kituo, redio imefungwa waya hadi kwenye kompyuta. Mtu wa Chiengi akisema katika redio yake ya mkononi, redio ya kituo humpokea. Kompyuta hugeuza sauti kuwa tarakimu, huibana ili iwe ndogo, huikata vipande vipande na kuvituma kwa intaneti. Kompyuta ya Nchelenge huvipokea, huvipanga, huvigeuza kuwa sauti tena, na redio yake huirusha hewani. Msikilizaji wa Nchelenge husikia kana kwamba mwenzake yuko kijiji cha jirani. Kituo cha tatu kikiwa Lusaka au Dar es Salaam, nacho husikia vilevile.

Mifumo miwili inajulikana zaidi. Wa kwanza ni IRLP, ulioanzishwa na David Cameron wa Kanada mwaka 1997. Huo hukubali sauti iliyopitia redioni tu. Wa pili ni EchoLink, uliotungwa na Jonathan Taylor wa Marekani mwaka 2002. Huo humruhusu pia mwenye leseni kuingia kwa kompyuta au simu yake ya mkononi, baada ya kuthibitisha leseni yake. Kila kituo kina namba. Mtu hubonyeza namba hiyo kwenye vitufe vya redio yake, kama anayepiga simu, na vituo huungana. Anayetaka kujaribu mtambo wake kwenye EchoLink huita namba 9999, naye hurudishiwa sauti yake mwenyewe.

Sauti iliyobanwa hivyo ni nyepesi. Mazungumzo ya saa nzima hutumia chini ya megabaiti 10 kwa upande mmoja, kiasi ambacho hata mtandao dhaifu hukimudu. Tatizo ni jingine: mitandao mingi ya simu haimpi mteja anwani yake peke yake, na kwa hiyo wito unaotoka nje haumfikii. Dawa yake ni kupitia kompyuta ya wakala iliyo mahali pengine. Fundi anayefunga kituo lazima alijue hili tangu mwanzo.

Jambo jingine ni adabu ya kusema. Sauti huchelewa kidogo njiani. Mwenzako akimaliza, ngoja kwa sekunde mbili kabla ya kubonyeza, ili mwenye shida apate nafasi ya kuingia.

MPAKA NA SHERIA

Ziwa letu lina nchi mbili. Samaki hawaujui mpaka, lakini sheria za redio zinaujua. Kanuni za Shirika la Mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, zinasema kwamba wanaredio wa ridhaa wa nchi mbalimbali wazungumze juu ya ufundi wao na mambo madogo ya binafsi, tena bila kuficha maneno kwa siri. Kupeleka ujumbe wa mtu mwingine kutoka nchi hadi nchi kunaruhusiwa wakati wa dharura au wa kusaidia katika maafa tu.

Maana yake ni wazi. Kuuliza bei ya samaki wa Kilwa au kumwagizia mfanyabiashara mzigo ni makosa. Kutangaza kwamba chombo kimezama, na kuomba msaada kwa wa pande zote mbili, kunaruhusiwa. Na hapo lugha haitakuwa kizuizi: Kibemba na Kiswahili vyote viwili husikika katika mwambao huu.

UDHAIFU WAKE

Tusifichane. Mnyororo huu una pingu nyingi: umeme, kompyuta, mnara wa simu, na mitambo ya mbali. Ikikatika moja, umekatika wote. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba, Zambia nzima iliona umeme ukikatwa kwa saa nyingi kila siku. Kituo kisicho na betri na paneli za jua kingekuwa kimya. Redio ya wati 50 hutumia ampea 10 hivi inaposema, lakini chini ya ampea moja inaposikiliza. Kwa hiyo betri nzuri ya volti 12 inaweza kuilinda usiku mzima, iwapo usemaji ni wa kiasi.

Tukumbuke pia yaliyotokea visiwa vya Andaman tarehe 26 Desemba 2004. Mawimbi ya tsunami yalipokata simu, wanaredio wa ridhaa wa India waliokuwa Port Blair walipeleka habari bara kwa redio za masafa marefu, zisizohitaji intaneti wala mnara. Kwa hiyo kituo cha busara huwa na njia zote mbili.

TUNAYOYAONA SISI

Kwanza, chombo cha kazi kinahitaji redio ya kazi. Kwa usalama wa majini dunia nzima ina masafa yake, chaneli 16 ya megahezi 156.8, na anayeitumia hahitaji kufanya mtihani wa redio ya ridhaa. Mwajiri mwenye vyombo asikwepe gharama hiyo kwa kusema, "Wako wanaredio wa kujitolea." Makoti ya kujiokolea, redio na habari za hali ya hewa ni haki ya mfanyakazi, si hisani.

Pili, redio ya ridhaa iwe nyongeza. Shule, mafundi wa simu na wafanyakazi wa hospitali wenye moyo wa kujifunza wanaweza kuomba leseni na kuanzisha kituo. Faida ya kwanza itakuwa ufundi wenyewe: antena, umeme na kompyuta, vyote katika darasa moja.

Tatu, kituo kisichosikilizwa hakimwokoi mtu. Matawi yanayofikiria jambo hili yaanze kwa kupanga zamu za watu, na nani ataitwa usiku: boti gani, dereva gani, mafuta yako wapi. Mtambo ununuliwe baadaye. Wito ukifika nchi kavu na pasiwe na wa kutoka kwenda kuokoa, tutakuwa tumeunganisha redio bila kuunganisha watu.